Ghala limempunguza, naye bado anavaa sare kila alfajiri

Swali

Shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31 na ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Huongea kwa sentensi fupi, hajui kusoma, ila hutambua jina lake na alama nyingi. Alifanya kazi ghalani kwa miaka 9, akikunja maboksi na kubandika lebo. Miezi 2 iliyopita kampuni ilipunguza wafanyakazi, naye akawamo. Tuliogopa kumuumiza, tukamwambia amepewa likizo. Mpaka leo anaamka saa 11 alfajiri, anavaa sare na kukaa mlangoni. Amekonda, anajing'ata mkono, na viatu alivyokuwa akifunga mwenyewe sasa anasubiri afungiwe. Daktari alimtazama dakika chache akasema ndivyo walivyo watu wenye ulemavu huo. Je, ni kweli? Na ataweza kufanya kazi tena?

Jibu

Marahaba, dada yangu, na poleni nyote hapo nyumbani.

Nianze na neno la daktari, maana ndilo lililonikera. Si kweli. Ulemavu wa mdogo wako una miaka 31; kukonda na kujing'ata kuna miezi 2. Jambo alilozaliwa nalo haliwezi peke yake kueleza jambo lililoanza juzi. Kosa hili la kuuacha ulemavu ufunike ugonjwa limejulikana muda mrefu. Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake nchini Marekani waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu mwenye dalili za wazi za kuvurugika kihisia. Walioambiwa kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili walikuwa wazito zaidi kuuona ugonjwa, ingawa dalili walizosoma zilikuwa zilezile. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado familia zinanifikia zikiwa na jibu kama hilo mlilopewa.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa mtu asiye na maneno mengi haiji na kauli ya "nimekata tamaa". Inakuja na usingizi uliovurugika, sahani inayorudi na chakula, hasira za ghafla, kujiumiza, na kupotea kwa stadi ndogondogo zilizokwisha kukomaa. Viatu vyake ni dalili. Usikubali mtu yeyote nyumbani aviite deko au uvivu.

Rudini kwa daktari, huyo au mwingine, mkiwa na karatasi moja: tarehe aliyoachishwa kazi, uzito wake wa kabla na wa sasa kama mnaujua, saa anazolala, siku alipoanza kujing'ata, na vitu alivyokuwa akifanya mwenyewe ambavyo ameacha. Maneno ya kumwambia daktari ni "alikuwa hivi, sasa yuko hivi". Ombeni pia atafutwe maumivu: meno, masikio, tumbo lililofunga choo. Mtu asiyeweza kusema jino linamuuma anaweza kuusema uchungu huo kwa kujing'ata mkono. Wasomaji ambao ndugu zao wana sindromu ya Down, aina mojawapo ya ulemavu wa kuzaliwa nao, waombe na kipimo cha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa sababu kwao tezi hiyo huzembea mara nyingi na uzembe wake hufanana sana na sonona. Na kama ndugu ameshafika miaka ya 40, waulize pia kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, ambao huwapata mapema kuliko watu wengine. Kwa mdogo wako, akikataa hata maji, au mkono ukianza kuchimbika, msingoje miadi. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Sasa niseme la likizo, na ninalisema nikijua mlilifanya kwa mapenzi.

Mtu aliye likizo hurudi kazini. Hilo mdogo wako analijua, kwa kuwa katika miaka 9 ameshapata likizo na kila mara akarudi. Mlipomwambia yuko likizo, aliwaelewa vizuri kabisa, na tangu siku hiyo anafanya kile ambacho mfanyakazi mwaminifu angefanya: anajiandaa mapema asikose siku ya kurejea. Mnamwona mlangoni mkadhani amechanganyikiwa. Mimi namwona akiwaamini. Ila kila siku gari la kazini lisipokuja, anabaki na swali asiloweza kuliuliza, na mara nyingi jibu ambalo watu kama yeye hujipa ni kwamba wamefanya kosa. Maisha yao yote wamezoea kuondolewa mahali pale wanapokosea.

Mwambieni ukweli, na mwambieni nyote kwa maneno yaleyale. Yawe machache: "Kazi ya ghala imekwisha. Hutarudi kule. Hukukosea. Ulifanya kazi vizuri." Msiongeze "labda", wala "tutaona", wala "ukiwa na tabia nzuri". Msimweleze habari za soko na gharama za uendeshaji. Mkitumia picha, onyesheni picha ya ghala, kisha picha ya nyumbani. Kama kuna wenzake waliopunguzwa naye, mwambieni na wao wameondoka, mkiwataja majina, na ikiwezekana mmoja aje akae naye. Kuona kwamba hakuondolewa peke yake kutamfaa kuliko maelezo yenu. Atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibuni vilevile bila kuchoka, kama mnavyomjibu mtoto au mzee aliyefiwa. Anaweza kulia, au kuvunja kitu. Jiandaeni kwa siku hizo, na msizichukue kama ushahidi kwamba mlikosea kumwambia.

Watu huniuliza kwa nini kazi ya kukunja maboksi imguse mtu hivi, kana kwamba udogo wa kazi ndio kipimo cha hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila nyumba ikakosa kazi. Mtu angetegemea kwamba wenye muda mwingi wangesoma zaidi na kukutana zaidi. Walikuta kinyume. Vitabu vya maktaba viliazimwa kwa uchache, wanaume walitembea polepole, na walipoulizwa walichofanya tangu asubuhi wengi hawakuwa na la kusema. Baadaye Jahoda alitaja mambo ambayo kazi humpa mtu mbali na mshahara: mpangilio wa saa, watu wa nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi, na shughuli ya lazima.

Wale walikuwa watu wazima wenye uwezo wa kupanga siku zao, kutembeleana na kutafuta njia nyingine, na bado walizama. Mpime mdogo wako kwa kipimo hicho. Saa yake ilikuwa ghalani: king'ora, mapumziko, gari la kurudi. Watu wake wa nje ya familia walikuwa ghalani, na hana namna ya kuwafuata, kwa kuwa hapandi gari peke yake wala hapigi simu. Hadhi ndiyo usiseme. Mtu ambaye tangu utoto ameitwa majina, kule aliitwa kwa jina lake na kuulizwa maboksi mangapi yamebaki. Mfanyakazi mwingine akipoteza kazi hubaki na nusu ya vitu hivyo mahali pengine, kanisani au msikitini, kwa marafiki, kwenye ndoa yake. Kwa watu wengi wenye ulemavu wa akili au usonji, vyote vilikuwa vimefungwa kwenye mlango mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kazi nyingine, rudisheni saa. Hili lianze wiki hii. Asiamke saa 11 kwa ajili ya gari lisilokuja. Aamke kwa ajili ya jambo lililopo, hata kama ni dogo, lenye saa ileile na mwisho unaoonekana. Chagueni mawili au matatu ambayo nyumba inayahitaji kweli, kwa sababu atajua mkimpa shughuli ya kumpotezea muda. Kukunja kunaweza kuwa mojawapo, mikono yake tayari inaijua kazi hiyo. Bandikeni ukutani picha za siku nzima kwa mpangilio, na kila jambo likiisha ageuze picha yake mwenyewe. Na mara moja kwa wiki atoke, akutane na mtu asiye ndugu. Mlipokuwa mkihangaika na chakula na mkono wake, upweke huu ungeweza kuwapita bila kuonekana.

Kuna makaratasi pia. Je, alisaini kitu siku ile? Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake walionyesha kwamba watu wenye ulemavu wa akili, wakiulizwa maswali ya ndiyo au hapana, huelemea sana kwenye "ndiyo", hata pale majibu mawili yanapopingana. Mwite mtu wa namna hiyo ofisini peke yake, mwulize "umeelewa?" na "unakubali?", naye atakubali. Hiyo si ridhaa. Ombeni nakala ya kila alichosaini, mhesabu stahiki za miaka 9: notisi, likizo ambazo hakuchukua, kiinua mgongo kama kipo, na michango ya hifadhi ya jamii. Iulizeni kampuni pia alichaguliwaje. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unakataza katika kifungu cha 27 ubaguzi kwa sababu ya ulemavu kwenye mambo yote ya ajira, na kuendelea kubaki kazini kumetajwa humo. Kupunguza watu ni halali. Kumweka mtu kwenye orodha kwa sababu ni mlemavu si halali katika nchi zilizoufuata mkataba huo kwa sheria zao. Nendeni chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi mapema, kwa kuwa muda wa kupeleka malalamiko huwa mfupi na miezi 2 imeshakwenda. Na kama alikuwa na ruzuku ya ulemavu iliyopunguzwa au kusimamishwa alipoajiriwa, msitarajie irudi yenyewe. Mara nyingi lazima iombwe upya.

Kuhusu kuchaguliwa kwake nina la kusema, maana nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo upande wa wafanyakazi. Watu kama mdogo wako huondolewa mapema hata pale ambapo hakuna mwenye nia mbaya. Nafasi zao huwa zimechongwa: msimamizi mmoja mwenye moyo alichukua kipande cha kazi ya huyu na kipande cha kazi ya yule, akatengeneza kazi moja inayomfaa. Kwenye chati ya kampuni kazi hiyo haina jina linaloeleweka. Siku ya kupunguza, mtu wa mahesabu anaisoma chati, anaona nafasi isiyo na mashiko, anairudisha vipande vipande kwa waliobaki. Kisha kazi zenyewe ni zile ambazo mashine huzichukua kwanza, na sekta ni zile zinazofunga mlango kwanza mambo yakiharibika. Mwaka 2020, janga la Uviko lilipoanza, hoteli na migahawa ni miongoni mwa vilivyotangulia kusimama, na baadhi yao walikuwa wameajiriwa huko.

Nimefika kwenye lile ninalotaka mlishike kuliko yote. Mmeniuliza kama ataweza kufanya kazi tena. Miaka 9 imeshajibu kuhusu uwezo wake. Kilicho hatarini sasa ni kitu kingine ambacho hakuna aliyekiandika: namna kazi ile ilivyokuwa imepangwa ili aiweze. Kuna mtu ghalani anayejua, kwa mfano, kwamba lebo lazima ziwekwe upande wa kushoto, kwamba ukimwonyesha mara moja bila kusema anashika haraka kuliko ukimwelekeza kwa mdomo, kwamba kelele za mashine fulani zilimsumbua mpaka alipohamishwa, kwamba saa 4 alihitaji dakika 10 za kutembea, na kwamba akishikilia sikio maana yake amechoka. Ujuzi wake umeshikamana na mpangilio huo. Watu wengi wenye ulemavu wa akili hujifunza vizuri kabisa lakini huhamisha kwa shida walichojifunza mahali pamoja kwenda mahali pengine. Mwajiri mpya atampa maboksi yaleyale, lebo zikiwa kulia, maelekezo kwa mdomo, na baada ya siku 3 atasema hawezi. Nanyi mtamwamini.

Katika miaka ya 1970 Marc Gold alifundisha Marekani watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, ambao walikuwa wamekatiwa tamaa, kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Aliigawa kazi katika hatua ndogo, akapaka rangi upande mmoja wa vipande ili mtu ajue upi unaelekea kwake, na alisema kidogo sana. Waliunganisha. Rangi ile ndiyo ninayoizungumzia. Mdogo wako alikuwa na rangi yake kule ghalani, na anayejua ilipakwa wapi anaweza naye kuhama kazi mwezi ujao.

Mtafuteni msimamizi wake sasa, na yule mwenzake aliyekuwa akifanya naye kazi bega kwa bega, ambaye mara nyingi anajua zaidi ya msimamizi. Msiende kugombana, hata kama suala la stahiki lipo ofisi nyingine. Waulizeni: alianzaje asubuhi? Nani alimwonyesha kazi, na kwa namna gani? Alichukua muda gani kuzoea? Nini kilimwudhi? Mlijuaje amechoka? Kazi gani mlijaribu kumpa akaishindwa, na mlibadilisha nini? Rekodini kwa simu. Ombeni wapige picha ya meza yake ilivyokuwa, kama bado haijavunjwa, na video fupi ya mtu akifanya hatua zake. Mwisho ombeni barua yenye idadi ya miaka na majukumu yaliyotajwa moja moja. Hayo mkiyapeleka kwa mwajiri mwingine, hamtakuwa mnaomba huruma. Mtakuwa mnaleta mfanyakazi pamoja na maelekezo ya jinsi ya kufanya naye kazi.

Njia ninayoiamini ya kumrudisha ni ajira ya kusaidiwa, iliyoanza kukua tangu miaka ya 1980: anaingia kwanza kwenye kazi ya kweli yenye mshahara wa kweli, na mkufunzi anakwenda naye hapohapo kazini, akipunguza msaada kidogo kidogo kadiri anavyozoea. Utaratibu wa zamani wa kumfundisha mtu miaka kadhaa pembeni "mpaka awe tayari" uliwaacha wengi wakizeeka wakiwa wanajiandaa. Pasipo na mkufunzi rasmi, jamaa mtulivu au mfanyakazi mwenzake aliyelipwa nyongeza ndogo anaweza kuishika nafasi hiyo, mradi asimfanyie kazi. Aanze kwa saa chache. Akitakiwa kujaribiwa bila malipo, siku za majaribio zihesabike na ziandikwe. Nimeona majaribio ya miezi 8.

Mtashauriwa pia mumpeleke kwenye karakana ya watu wenye ulemavu pekee. Mimi si mshabiki wake. Malipo mara nyingi ni haba, na wachache mno hutoka humo kwenda kwenye ajira ya kawaida. Tena haziko salama kama zinavyoonekana. Uingereza ilikuwa na viwanda vya Remploy, vilivyoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya wafanyakazi wenye ulemavu. Serikali ilipoondoa fedha na vingi vya vilivyobaki kufungwa mwaka 2012 na 2013, waliofanya kazi pamoja humo kwa miongo walipoteza kazi na marafiki kwa siku moja. Hata hivyo, kama karakana ndiyo iliyopo karibu na mbadala wake ni kukaa mlangoni, mpelekeni kwa siku 2 za wiki apate watu na saa, mkiendelea kutafuta.

Na wewe, dada, je, ni wewe uliyebaki naye mchana? Hukuandika, ila nimezoea kuona kwamba kazi ya mmoja ikikatika, ya pili ndani ya nyumba hiyohiyo huanza kulegea kimyakimya: ruhusa hapa, kuchelewa pale, kisha barua ya onyo. Gawaneni zamu sasa, na kaka zako wahesabiwe.

Sare msimfiche wala msiitupe usiku. Baada ya kumwambia ukweli, kaa naye ukiwa umeishika, umwulize anataka ikae wapi. Usiulize "tuiweke?", kwa kuwa atasema ndiyo. Mwekee vitu viwili mbele yake, kabati na sanduku, aonyeshe kwa kidole. Akitaka kuivaa siku ya kwenda kumwona msimamizi, aivae.